Tujuane Tungali Hai

Katika misiba yetu hapa Musoma kuna kipindi ambacho turubai zima hunyamaza. Msemaji wa familia husimama na karatasi mkononi, akaanza kusoma wasifu wa marehemu. Mzee tuliyekuwa tukimpungia mkono kila asubuhi akiwa kibarazani kwake, kumbe alikuwa fundi mitambo Mutex enzi zile kiwanda cha nguo kinavuma. Kumbe alizaliwa ng'ambo ya ziwa, Ukerewe. Kumbe alizika watoto wawili kabla sisi hatujahamia mtaani. Watu hutazamana. Kuna anayetikisa kichwa, kuna anayenong'ona, "Sikujua." Baada ya mazishi chakula hupakuliwa, tukala, tukarudi nyumbani tukiwa tumemjua jirani kwa mara ya kwanza, siku ambayo hawezi tena kuulizwa neno.

Ninawaandikia ndugu zangu wa kata ya Iringo, na wa Musoma nzima, na wa Bunda na Butiama, kuwaomba jambo moja: tujuane tungali hai. Kufahamiana kwa sura tunako, wala sikudharau. Ninachoomba ni kumtaka mtu habari zake kwa dhati. Umuulize, usubiri jibu, ulikumbuke, na ukikutana naye tena uanzie pale alipoishia. Naamini hakuna upendo ulio rahisi kuufikia kuliko huu, kwa tajiri na kwa asiye na kitu. Naamini pia kwamba unatupungukia, na tusipouangalia watoto wetu hawataukuta.

Atakayenibishia atasema watu wa Mara hatuna shida hiyo, maana tunachangiana. Ni kweli. Msiba ukitangazwa, kikundi cha WhatsApp hujaa ahadi kabla jua halijazama. Harusi, send-off, ada ya mtoto aliyefaulu, gari la kumpeleka mgonjwa hospitali ya Bugando: michango hutoka, na hutoka kwa watu ambao wenyewe wanahesabu senti. Mungu awazidishie. Lakini mchango unaweza kutumwa kwa simu na mtu asiyejua mfiwa amebaki na nani nyumbani, wala asiyekumbuka kumpigia siku arobaini zikishapita na wageni wote wameshaondoka. Fedha hufika mahali ambapo sisi wenyewe hatujafika, na hicho ndicho kinachonisumbua.

Salamu nazo tunazo nyingi. Asubuhi, kwenye njia ya kuelekea Mwigobero, utazisikia zikipishana: shikamoo, marahaba, habari za nyumbani, za watoto, za tangu jana. Majibu hutoka yenyewe, wala mtu hayafikirii. Mama mmoja atajibu, "Nzuri tu, ila huyu mdogo hajalala," naye aliyemsalimu ameshapita hatua tatu. Habari yenyewe ilikuwa pale mwisho, na hakukuwa na mtu wa kuipokea. Angesimama nusu dakika angejua kwamba mtoto ana homa siku ya tatu, kwamba baba yake yuko kambi ya uvuvi visiwani, na kwamba mama anaona haya kwenda zahanati peke yake kwa sababu mara ya mwisho alifokewa. Nusu dakika tu. Wengi tunaamini kujali watu kunahitaji muda ambao hatuna, kumbe muda wenyewe ni huo.

Pale Makoko kuna shule ya lugha ambayo mapadri wa Maryknoll waliianzisha miaka ya 1960. Wamisionari kutoka mbali hukaa hapo miezi kadhaa kabla ya kupelekwa vituoni, wakijifunza Kiswahili, na sehemu kubwa ya masomo ya mwanzo ni kusalimu. Hutoka mitaani, huamkia wazee, hukosea, hurudia. Mgeni anahangaika kupata ufunguo wa kuingilia kwa watu, nasi tuliozaliwa nao mfukoni tunaupitisha mlangoni bila kufungua.

Mkoa wetu una kisa ambacho kila mtoto wa shule anapaswa kukijua. Kinaunganisha Ikizu iliyoko Bunda, Butiama, na Mwisenge ya hapa mjini. Chifu Burito Nyerere wa Wazanaki alikuwa na wake 22 na watoto 26. Katika boma hilo alikuwamo kijana mmoja, mwana wa mke wa tano, Mgaya wa Nyang'ombe, aliyechunga mifugo kama wenzake na ambaye hakuwa na alama yoyote ya kumtofautisha. Wazee husimulia kwamba Mohamed Makongoro, mtemi wa Ikizu, alipomtembelea Burito alicheza bao na kijana huyo, akaona jinsi anavyozihesabu kete na kuziona hatua zinazokuja. Angeweza kumsifu, akacheka, akarudi kwenye mazungumzo ya watu wazima. Badala yake alimwendea baba mtu, akamshauri ampeleke shule.

Mwaka 1934, akiwa na miaka 12, kijana huyo, Kambarage, ndiye Mwalimu Nyerere wa baadaye, alianza shule ya msingi Mwisenge, kilomita 40 hivi kutoka kwao. Lugha aliyokuja nayo ilikuwa Kizanaki, na Kiswahili alikikuta shuleni. Huko nako alikuta watu waliomtazama vizuri, akiwamo Mwalimu James Irenge, ambaye jina lake bado linatajwa hapa mjini kila shule hiyo inapotajwa. Mwaka 1937 akaenda Tabora. Yaliyofuata yanajulikana dunia nzima, na sina haja ya kuyarudia.

Mimi hukaa zaidi na lile bao. Mtemi mzima, mgeni wa heshima, ugenini kwa chifu mwenzake, hakulazimika kumtazama mtoto hata mmoja kati ya wale 26. Kucheza bao na mtoto kunamtaka mtu mzima aketi, ampe muda wake, na akubali kufungwa mbele ya watu. Katika kuketi kule ndimo alimoona alichokiona. Na hakumwona mwanawe. Alimwona mtoto wa boma la mwingine, wa kabila jingine, ambaye akisoma asisome Ikizu isingepata hasara. Sisemi kwamba bila Makongoro nchi isingepata uhuru, maana historia haipimwi hivyo. Ninasema kwamba mtu mmoja alimtilia maanani mtoto asiyemhusu, na mtoto yule hakusahau: mmoja wa wanawe anaitwa Makongoro. Mwaka 1985, alipong'atuka urais, Mwalimu alirudi Butiama kulima, na wanakijiji waliofika kwake walicheza naye bao.

Ndugu zangu, ni watoto wangapi wa mtaani kwetu wanaosubiri mtu aketi nao? Yule anayetengeneza redio mbovu kwa nyaya za kuokota. Yule binti anayewapigia mama zake mahesabu ya ndoo sokoni asikosee hata shilingi mia. Tunawaona kila siku tukipita, tukasema, "Mtoto huyu mjanja," tukaendelea na safari.

Mtu hujulikana kwa maswali yenye macho. Chukua mama anayeanika dagaa. Ukimuuliza biashara inaendaje atakujibu, "Tunasukuma siku," kwa sababu swali lako halikuomba zaidi ya hapo. Muulize habari za mwezi. Dagaa wa ziwa hili huvuliwa usiku wa giza, kwa taa zinazowavuta juu. Mbalamwezi ikiwaka taa hupoteza nguvu, mitumbwi hulala ufukweni, na mama huyu hana cha kuanika. Siku ambazo wewe unasifu anga lilivyo jeupe, yeye anakopa unga dukani. Mwezi ukififia dagaa watarudi, lakini kama ni msimu wa mvua, manyunyu ya alasiri moja yanatosha kuharibu mzigo ulioko mchangani, ambao pengine ameununua kwa mkopo wa kikundi. Ndiyo maana wenye uwezo wamejenga vichanja, na wasio nao hutazama wingu kwa hofu. Jirani anayemuuliza, "Mama, mbalamwezi imebakiza siku ngapi?" ameshamwambia kwamba anajua maisha yake yanavyokwenda. Atatua beseni lake chini na kuzungumza.

Kijana wa bodaboda pale kijiweni vivyo hivyo. Wengi wetu tunajua bei anayotutoza na mwendo anaotutisha nao. Muulize pikipiki ni yake au yuko kwenye mkataba, na amebakiza miezi mingapi. Ataeleza jinsi anavyopeleka hesabu kwa tajiri kila jioni, abiria wapatikane wasipatikane, na utaelewa kwa nini hukimbia vile saa kumi na moja. Ukimwuliza tena baada ya mwezi, ukakumbuka kwamba ilikuwa imebaki miezi minne na sasa ni mitatu, umempa kitu ambacho pengine hajawahi kupewa na mtu mzima asiye wa ukoo wake. Na huyo ndiye atakayempeleka mwanao hospitali usiku wa manane bila kwanza kuuliza nauli.

Kuna wanaoogopa wito huu kwa sababu wanaufananisha na umbea. Hofu yao ina msingi, maana mitaa yetu imeumizwa sana na midomo. Mtu akiisha kuona siri yake imetangulia sokoni, hujifunza kujibu "nzuri" na kufunga mlango. Mimi hutazama neno linaishia wapi. Mmbea hutafuta habari apate cha kupeleka mbele, na habari ikichacha humwacha mwenye nayo akatafuta nyingine. Anayejali habari huishia kwake, ikageuka kuwa kibaba cha unga, au kumsindikiza mtu kliniki, au kukaa naye kimya. Nawasihi sana: ukiaminiwa na neno, lilinde. Neno pekee usilopaswa kulinyamazia ni lile linalohusu mtoto aliye hatarini.

Na hapa nizungumze bila kuzunguka. Mkoa wetu unajulikana nchini kwa ukeketaji, na Desemba shule zinapofungwa kuna mabinti ambao likizo kwao ni tishio. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 imekataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, lakini sheria haikai jikoni usiku mipango inapopangwa. Binti huokoka pale anapokuwapo mtu mzima mmoja ambaye anaweza kumwambia. Rhobi Samwelly, mwanamke wa mkoa huu aliyekeketwa akiwa mtoto na nusura afe, ameanzisha shirika la Hope for Girls and Women, lenye nyumba salama Mugumu na Butiama, na mabinti wengi wamekimbilia huko. Lakini kabla binti hajafika kwenye nyumba hiyo, mara nyingi amepita kwa mwalimu, kwa shangazi, kwa mama wa kanisani, aliyemtazama usoni akamuuliza, "Mwanangu, mbona umepoa hivi?" na akawa tayari kusikia jibu. Ukisikia jibu la namna hiyo nenda kwa mtendaji, nenda Dawati la Jinsia na Watoto pale polisi, au piga simu 116, ambayo hailipiwi. Usimwambie mtoto avumilie.

Kinyume cha kujuana tunakijua pia katika Kanda ya Ziwa, na kimemwaga damu. Bibi wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na ushahidi uliotajwa dhidi yao mara nyingi ni macho mekundu. Macho hayo wameyapata kwa kupika miaka hamsini kwenye jiko la kuni na la kinyesi cha ng'ombe, ndani ya nyumba isiyo na dirisha. Mjukuu anayekaa jikoni na bibi yake analijua hilo, kwa sababu naye macho yanamwasha. Asiyejua ni yule ambaye hajaingia humo, anayemwona bibi kwa mbali tu, akipita peke yake jioni. Bibi ambaye mtaa mzima unajua jina lake, kijiji alikozaliwa, watoto aliowazaa na wimbo anaoupenda kanisani, huyo ni vigumu kumgeuza mchawi hata akitokea mganga wa kumtaja. Wahenga walisema asiyekujua hakuthamini. Huku kwetu imekuwa mbaya zaidi ya hapo: asiyekujua anaweza kukuogopa, na woga ni mshauri mbaya.

Nchi hii iliwahi kuujengea mfumo ujirani wa namna ninayoizungumzia. Miaka ya 1960 TANU ilianzisha mashina ya nyumba kumi kumi, kila shina na balozi wake. Mfumo ule ulikuwa wa chama na ulikuwa na kasoro zake, na wako waliouona kama jicho la serikali uani. Hata hivyo balozi mzuri alijua nani anaumwa, nani ameachwa na mume, mtoto wa nani hajaripoti shule, na ugomvi wa mpaka uliishia kwenye benchi lake kabla ya kufika mahakamani. Mabalozi bado wapo, na wenyeviti wa mitaa wapo, na daftari la wakazi lipo ofisini. Daftari lina majina. Ninachowaomba viongozi wetu ni kwamba wasiitembelee nyumba siku ya kuandikisha na siku ya kuomba kura tu. Mwenyekiti anayeingia nyumba tatu kwa wiki bila karatasi mkononi atajua mengi ambayo mkutano wa hadhara hautamwambia, kwa sababu mwenye shida kubwa haji mkutanoni, na akija hasimami.

Kuna kundi jingine ambalo tunalisahau. Musoma inapokea watu wa kuja: walimu wapya, wauguzi, wanafunzi wa kupanga chumba kimoja, vijana wa Rorya na Serengeti waliofuata kazi za ujenzi. Kuna pia wanaofika na wagonjwa hospitali ya rufaa pale Kwangwa, iliyopewa jina la Mwalimu. Wengine hawana ndugu mjini. Utamwona mama amekaa na khanga begani, chupa ya chai tupu pembeni, hajui hata duka la karibu liko wapi. Anayehitajika pale ni mtu wa kumuuliza ametoka wapi na mgonjwa wake anaendeleaje, halafu kumwonyesha pa kununua uji. Waliokuwa na jirani mgeni mlango wa pili kwa mwaka mzima wakaishia kumwita "yule mwalimu", wajue kwamba mwalimu huyo ana jina, ana mama anayempigia simu kila Jumapili, na huenda usiku anakula peke yake.

Najua pia kwamba wako wanaochoka. Mama wa watoto watano anayeamka saa kumi alfajiri hawezi kusikiliza mtaa mzima, na hakuna anayemdai hilo. Mtu mmoja anatosha. Iringo ikiwa na watu ambao kila mmoja ana mtu mmoja nje ya ukoo wake anayemjua vizuri, hakuna bibi atakayelala njaa siku mbili bila mtu kugundua, na hakuna kijana atakayejifungia chumbani wiki nzima tukaambiwa habari zake na harufu. Nimeandika neno hilo la mwisho nikijua ni zito. Limeshatokea katika miji yetu, na si miji mikubwa tu.

Kwa hiyo nawaomba wazi. Wewe mwalimu, chagua mwanafunzi mmoja ambaye hujawahi kumsikia akiongea, umuulize anatembea umbali gani kuja shule na huko njiani hupita na nani. Viongozi wa jumuiya ndogondogo, masheikh na wachungaji, kabla ya kutangaza michango mtangaze wiki hii nani hajaonekana, na mpange nani atakwenda kwake. Wazee wangu wa vijiwe vya bao, mwachieni kijana nafasi moja kwenye ubao, mcheze naye mkimsikiliza. Vijana, muulizeni bibi yenu maswali ambayo majibu yake hayamo kwenye simu: alikutana wapi na babu, njaa ipi aliiona, nani alimnyonyesha alipofiwa na mama yake. Andikeni majibu, na msomeeni akiwa hai, ayasahihishe.

Nawe uliyesoma hadi hapa, leo jioni gonga mlango mmoja ambao hujawahi kuugonga. Usiende na mchango wala kadi ya harusi. Piga hodi, ukaribishwe, uketi, uulize, na usinyanyuke hadi mwenyeji wako amalize kusema.